Cheti cha histolojia kwa masomo ya masafa: nani anathibitisha mkono?

Daktari akimkata mgonjwa kinyama kwenye titi, kwenye mlango wa kizazi au tumboni, mgonjwa huambiwa arudi baada ya wiki moja au mbili kuchukua majibu. Katika siku hizo kinyama kile hupita mikononi mwa mtu ambaye mgonjwa hatamwona kamwe. Huyo ni mtaalamu wa histolojia, na kazi yake ni kukigeuza kipande cha nyama kuwa slaidi ambayo daktari bingwa wa patholojia ataisoma kwenye hadubini. Slaidi ikiharibika, bingwa hana cha kusoma, na mara nyingi hakuna kinyama kingine cha kurudia.

Watu wa kazi hii hawatoshi karibu kila mahali, na vyuo vinavyoifundisha kama fani inayojitegemea ni vichache. Masomo ya masafa yameziba sehemu ya pengo hilo, lakini yameleta pia mkanganyiko mkubwa. Vijana wa maabara wa Dar es Salaam na Nairobi, na ndugu zetu walioko Marekani wanaofanya kazi za usaidizi katika maabara za hospitali, wanauliza jambo lile lile: je, naweza kusoma histolojia kwa mtandao nikapata cheti kinachotambulika? Inawezekana, ila kwa masharti ambayo matangazo mengi hayayataji. Nitatumia zaidi mfumo wa Marekani kueleza, kwa sababu huko elimu ya masafa ya fani hii imeota mizizi na ndiko vinakotoka vyeti vinavyotajwa sana. Kisha nitarudi kwetu.

Kazi yenyewe ikoje

Bila kuijua kazi, masharti ya vyeti yataonekana kama urasimu mtupu. Kwa hiyo nianzie maabara.

Kinyama kikishatoka mwilini huanza kuharibika papo hapo. Hutumbukizwa kwenye fomalini, nayo huzuia kuoza na kulikaza umbo la seli libaki lilivyokuwa. Inayotumika kwa kawaida ni fomalini ya asilimia 10 iliyotiwa bafa ili isigeuke asidi, na ujazo wake unatakiwa uwe mara 10 hadi 20 ya ujazo wa kinyama. Ikiwa kidogo, au kinyama kikiwa kinene na hakikupasuliwa, katikati hubaki kibichi. Vinyama vya titi vinavyosubiri kupimwa vipokezi vya homoni vina sharti la ziada: miongozo ya Marekani inataka vikae kwenye fomalini kwa saa zisizopungua 6 wala kuzidi 72, la sivyo kipimo kinaweza kudanganya na mgonjwa akanyimwa dawa inayomfaa.

Baada ya hapo maji hutolewa kwenye tishu kwa alkoholi inayoongezwa nguvu hatua kwa hatua. Alkoholi nayo hutolewa kwa zailini, na nafasi inayobaki hujazwa nta ya parafini iliyoyeyushwa kwenye joto la nyuzi 60 hivi. Tishu huzikwa ndani ya nta, nta ikaganda, ikawa bloku. Hata hapo kuna maamuzi ya kufanya. Ngozi husimamishwa kwa ubavu ili tabaka zake zote zionekane pamoja; mrija husimamishwa ili ukikatwa uonekane duara. Ukiukosea mkao huu, daktari ataona tabaka moja tu la ngozi na hataweza kusema uvimbe umezama kiasi gani.

Kisha inakuja mikrotomu, ambapo wanafunzi wengi hukwama. Bloku iliyopozwa kwa barafu hufungwa kwenye mashine, gurudumu huzungushwa, na kwa kila mzunguko kisu hutoa mkato mwembamba wa maikromita 4 hivi. Mikato hushikana kwa kingo na kutoka kama utepe. Utepe huinuliwa kwa brashi ndogo na kulazwa juu ya beseni la maji ya vuguvugu, joto lake likiwa nyuzi kadhaa chini ya lile linaloyeyusha nta, nao hujinyoosha wenyewe. Mtaalamu huzamisha slaidi kwa mshazari na kuipandisha taratibu ikiwa imebeba mkato.

Ukisoma maelezo hayo, yanaonekana mepesi. Ukiwa mezani, chumba kikiwa na joto kama vyumba vingi vya pwani mwezi wa Februari, nta hulegea na utepe hujibana, kwa hiyo bloku hurudishwa kwenye barafu kila baada ya mikato michache. Kisu kikiwa na pengo dogo lisiloonekana kwa macho, mstari hupasua kila mkato mahali pale pale. Bloku isipofungwa ikakaza, tishu hutoka na mawimbi. Na uso wa maji usipopanguswa kati ya bloku moja na nyingine, kipande cha mgonjwa aliyetangulia huelea kikatua kwenye slaidi ya anayefuata. Ndivyo chembe za saratani zinavyoweza kuonekana kwa mtu asiye nayo.

Mwisho ni rangi. Ya kila siku ni hematoksilini, inayotolewa kwenye gogo la mti wa Amerika ya Kati uitwao Haematoxylum campechianum, ikifuatwa na eosini. Viini vya seli hutoka buluu, sehemu nyingine za tishu hutoka waridi. Zaidi ya hizo zipo rangi maalumu, kama Ziehl-Neelsen ya kusaka vimelea vya kifua kikuu ndani ya tishu, na ile ya Perls ya kuonyesha madini ya chuma.

Sasa chukua swali la mtihani la kawaida: slaidi imetoka, viini vina wekundu badala ya buluu, kosa liko wapi? Hematoksilini huwa nyekundu kwenye asidi na buluu kwenye alkali, kwa hiyo slaidi haikukaa vya kutosha kwenye maji yenye alkali baada ya kutiwa rangi. Elimu ya namna hii mtu anaweza kuipata akiwa kwenye daladala na simu yake. Kupandisha mkato kwenye slaidi bila mkunjo ni elimu ya aina nyingine. Haifundishiki kwa simulizi, kama ambavyo hakuna aliyejua kusuka ukili kwa kusimuliwa.

Karatasi tatu zinazochanganywa

Mkanganyiko mwingi unatokana na kuchanganya karatasi tatu zinazotolewa na watu watatu tofauti.

Ya kwanza ni cheti cha chuo, iwe astashahada, stashahada au shahada. Chuo kinasema: huyu alisoma kwetu akafaulu. Ya pili ni uthibitisho wa bodi ya taaluma, unaotolewa baada ya mtihani wa kitaifa ambao chuo hakina mkono ndani yake. Ya tatu ni leseni au usajili, ambao ni ruhusa ya dola kufanya kazi mahali fulani. Kuwa na moja hakukupi nyingine. Halafu kuna ithibati, ambayo wengi huidhania kuwa ya mwanafunzi ilhali ni ya programu: ni chombo cha nje kimeikagua programu na kuridhika nayo.

Tangazo linaposema „utapata cheti cha histolojia kwa wiki nane", karibu kila mara linazungumzia karatasi ya kwanza, tena katika hali yake dhaifu kabisa: cheti cha kuhudhuria. Hakuna ubaya kuhudhuria semina ya mtandaoni. Ubaya ni kumlipisha mtu ada kubwa huku akiaminishwa kwamba karatasi hiyo itamfungulia mlango wa maabara.

Nchini Marekani, bodi inayotambulika zaidi ni ile ya ASCP, chama cha patholojia ya kitabibu kilichoanzishwa mwaka 1922. Bodi yake ya usajili ilianza mwaka 1928, na mafundi wa histolojia walianza kuthibitishwa mwaka 1948. Leo kuna ngazi mbili. Ya chini, ya fundi wa histolojia, huandikwa HT; ya juu, ya mtaalamu, huandikwa HTL.

Kuna njia mbili kuu za kuufikia mtihani wa HT. Katika njia ya kwanza, mtu anasoma programu ya histolojia yenye ithibati ya NAACLS, shirika linalokagua mafunzo ya sayansi za maabara nchini humo. Katika njia ya pili, mtu hahitaji kupita kwenye programu ya histolojia: anatakiwa awe na stashahada ya miaka miwili au krediti 60 za chuo, ndani yake ziwemo krediti 12 za biolojia na kemia kwa pamoja, na awe amefanya kazi mwaka mmoja kamili kwenye maabara ya histopatholojia inayokubalika na bodi. Ngazi ya HTL inataka shahada ya kwanza yenye krediti 30 za biolojia na kemia, pamoja na programu yenye ithibati au mwaka huo mmoja wa kazi.

Mtihani wenyewe hufanyika kwenye kompyuta, katika kituo cha mitihani chenye ulinzi. Maswali ni 100, muda ni saa mbili na nusu, na kompyuta hupandisha au kushusha ugumu wa swali linalofuata kulingana na ulivyojibu lililotangulia. Alama ya kufaulu ni 400 kwenye kipimo kinachoishia 999. Anayefaulu hapati uthibitisho wa maisha: kila baada ya miaka mitatu lazima aonyeshe ameendelea kujifunza, na hapo kozi za mtandaoni zina kazi halali kabisa, kwa kuwa aliyekwisha kuthibitishwa anaongeza maarifa juu ya mkono alionao.

Leseni ni jambo jingine tena. Sheria ya maabara ya Marekani, CLIA ya mwaka 1988, haimwekei masharti ya elimu mtu anayekata na kutia rangi tu, kwa sababu huko kunahesabiwa kuwa ni kuandaa sampuli, na kipimo ni ile kazi ya daktari anayesoma slaidi. Anayekipokea kinyama kizima, akakipima, akakieleza na kuchagua sehemu za kuchukua, huyo anahesabiwa kuwa anafanya kipimo cha ngazi ya juu na elimu yake imewekewa kiwango. Majimbo machache, Florida na New York miongoni mwao, yana masharti yao ya ziada. Hivyo mtu anaweza kuwa na HT mkononi na bado akahitaji karatasi ya jimbo kabla ya kukaa mezani.

Masafa yanafundisha nini, na mkono unafundishwa wapi

Programu nzuri ya masafa imejengwa juu ya ukweli kwamba mikrotomu haiwezi kutumwa nyumbani kwa mwanafunzi. Hata ingetumwa, kemikali zisingefaa. Formaldehaidi, ambayo ndiyo kiini cha fomalini, iliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 2004. Sheria za kazi za Marekani zinazuia mfanyakazi asivute zaidi ya sehemu 0.75 kwa milioni kwa wastani wa saa nane. Zailini inashika moto upesi. Ukiona kozi inayouza „maabara ya nyumbani" kwa fani hii, achana nayo.

Kwa hiyo mwanafunzi husoma nadharia kwa mtandao, na vitendo hufanyia kwenye maabara halisi iliyo karibu naye, chini ya msimamizi aliyekubaliwa na chuo. Chuo cha Indiana University, kule Indianapolis, ni mfano unaojulikana wa kufundisha histolojia kwa masafa kwa mpango huu. Mara nyingi anayesoma hivyo tayari ameajiriwa katika maabara, labda anapokea sampuli au anapanga bloku kwenye kabati, na mwajiri wake amekubali kumpa meza, muda na mtu wa kumwongoza.

Matangazo hayaisemi wazi sehemu hii, wakati ndiyo inayoamua kila kitu. Mwanafunzi wa masafa anahitaji maabara kabla hajahitaji intaneti. Asiye na maabara iliyokubali kumpokea kwa maandishi hana programu, hata kama amelipa ada na kupewa neno la siri la kuingilia darasani. Ningependa kila chuo kiliandike jambo hili kwenye mstari wa kwanza wa tangazo lake.

Msimamizi naye ana mzigo. Katika maabara yenye bloku mamia kwa siku, kumwachia mwanafunzi meza kwa saa mbili ni kuchelewesha majibu ya watu. Kinyama cha mgonjwa ni kimoja. Mwanafunzi akikwangua bloku kupita kiasi, kidonda kidogo kilichokuwa ndani kinaweza kwisha chote kabla hakijafika kwenye slaidi. Kwa hiyo mwanafunzi huanza na tishu za ziada au za wanyama, figo na maini, akakata mamia ya mikato mibaya ambayo haimdhuru mtu, ndipo akabidhiwe bloku kubwa zisizo na hatari, na mwisho vile vinyama vidogo vya sindano. Utaratibu huo unahitaji miezi na uvumilivu wa mtu mwingine. Hakuna jukwaa la mtandaoni linaloweza kuufupisha.

Sahihi ya msimamizi

Kuna jambo katika historia ya mtihani wa Marekani linalonifikirisha. Zamani mtihani wa HT ulikuwa na sehemu ya vitendo. Mtahiniwa aliandaa slaidi mwenyewe, kwa tishu na rangi alizoelekezwa, akazituma zikakaguliwe na wakaguzi walioketi na hadubini. Mwenye mkunjo kwenye mkato alionekana, na mwenye rangi iliyofifia vilevile. Wakati huo hata aliyemaliza sekondari tu aliweza kuingia kwenye mtihani akiwa amejifunzia kazini. Tangu mwaka 2005 mlango wa sekondari pekee ukafungwa na elimu ya chuo ikawa sharti. Sehemu ya vitendo nayo ikaondolewa, na mtihani ukabaki wa kompyuta.

Maana yake ni kwamba leo, katika mnyororo mzima unaoishia kwenye zile herufi mbili, hakuna mkaguzi wa bodi anayeona mkato wa mtahiniwa. Mkono unathibitishwa na programu, au na sahihi ya msimamizi kwenye fomu ya uzoefu inayosema: huyu amegandisha, amekata, ametia rangi, anaweza. Mtu anaweza kujua kila jibu kuhusu hematoksilini na akafaulu vizuri. Kama sahihi ile iliwekwa kwa huruma au kwa haraka, pengo litakuja kujulikana kwenye titi la mama fulani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema udhaifu wa masomo ya masafa ni mtandao. Mtihani ni ule ule kwa aliyesoma darasani na aliyesoma kwa masafa. Uimara au udhaifu wa cheti uko kwa yule anayetia sahihi, na kwa kile alichokagua kabla ya kuitia.

Hata hivyo fani hii ina bahati ambayo fani nyingine za afya hazina. Muuguzi akimchoma mgonjwa sindano, tendo limepita. Mkono wa mtu wa histolojia huacha alama inayodumu, yaani slaidi, na slaidi husafiri. Chama cha wanahistolojia cha Marekani, NSH, pamoja na chuo cha wanapatholojia cha huko, CAP, wana mpango uitwao HistoQIP ambamo maabara hutuma slaidi zao zikapewa alama na wataalamu. Uingereza kuna UK NEQAS, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikikagua utiaji rangi wa maabara za nchi mbalimbali kwa njia ya posta. Siku hizi slaidi inaweza kupitishwa kwenye skana, ikawa picha kubwa inayozidi hata gigabaiti moja, na mwalimu aliye mbali akaikuza hadi aone kiini kimoja kimoja, akaonyesha kwa mshale: hapa kisu kina pengo, hapa bloku ilikuwa na joto, hapa zailini ilikuwa na maji.

Programu ya masafa inayowataka wanafunzi watume slaidi zao zikaguliwe na mwalimu asiyewajua imerudisha kile ambacho mtihani ulikiacha. Kama ningekuwa nachagua, hilo ndilo ningeuliza kwanza, kabla ya bei.

Kwetu

Afrika Mashariki, mlolongo wa karatasi una majina mengine ila mantiki ni ile ile. Tanzania kuna Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, na bila kusajiliwa nalo mtu haruhusiwi kufanya kazi ya maabara ya afya, awe na cheti cha nchi gani. Kenya kuna bodi ya mafundi na wataalamu wa maabara za tiba, KMLTTB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Uganda wana baraza lao la wataalamu wa afya shirikishi. Vyombo hivi huanza na swali la wapi ulisoma na kama programu hiyo inatambulika, kabla ya kufika kwenye alama zako.

Kwa hiyo HT ya Marekani, pamoja na uzito wake, haimpi mtu usajili Dodoma wala Mombasa. Inaweza kumwongezea thamani aliyekwisha kusajiliwa. Anayetaka kuanza fani aanzie kwenye njia ya nyumbani. Wengi hupitia stashahada au shahada ya maabara ya jumla, ambamo histolojia ni sehemu mojawapo, kisha hubobea. Chuo cha Muhimbili, MUHAS, kimekuwa na shahada ya sayansi za maabara yenye mkondo wa histolojia.

Elimu ya masafa kwa watu wa afya walioko kazini si jambo geni kwetu. Mwaka 2005 AMREF, shirika la afya la Afrika, ikishirikiana na baraza la wauguzi la Kenya na KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha huko, ilianzisha masomo ya kielektroniki ya kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti hadi ya stashahada huku wakiendelea na kazi hospitalini. Nadharia walisoma kwenye vituo vya kompyuta, vitendo walifanyia wodini, na baraza lilikuwa ndani ya mpango tangu mwanzo, kwa hiyo hakukuwa na ubishi wa kutambulika mwishoni. Histolojia inaweza kufuata njia hiyo hiyo. Tanzania ina Chuo Kikuu Huria tangu sheria ya mwaka 1992, kwa hiyo uzoefu wa kuendesha masomo ya masafa upo nchini. Kinachohitajika zaidi ni maabara chache za rufaa zikubali rasmi kuwa meza za vitendo, na baraza likubali slaidi kama ushahidi.

Nisingependa, hata hivyo, kozi iliyotungwa Indianapolis iletwe hapa kama ilivyo. Inachukulia kwamba fomalini inafika ikiwa na bafa, kutoka kwa muuzaji, ndani ya kopo lenye mdomo mpana. Kwetu kinyama kinaweza kutoka hospitali ya wilaya kwenye chupa ya mdomo mwembamba: kiliingia kikiwa laini, kikakaza humo ndani, na sasa hakitoki bila kuvunja chupa. Fomalini isiyo na bafa hugeuka asidi, ikaacha punje za rangi ya kahawia-nyeusi kwenye tishu zenye damu. Vimelea vya malaria navyo huacha punje za rangi karibu na hiyo, na zote mbili hung'aa ukiziangalia kwa mwanga uliochujwa wa polaraizi. Mwanafunzi wa Marekani anaweza kumaliza masomo bila kuhitaji kuzitofautisha. Wetu lazima ajue kwamba za malaria hukaa ndani ya seli nyekundu na ndani ya seli zinazokula taka za mwili, wakati za fomalini hutapakaa ovyo, mara nyingi juu ya tishu badala ya ndani ya seli. Somo hilo liandikwe na watu wa hapa.

Kwa walioko ughaibuni

Mswahili aliyefika Marekani na shahada ya sayansi kutoka nyumbani asikimbilie kuanza upya. Bodi ya ASCP hupokea elimu ya nje baada ya kutathminiwa na wakala anayekubalika, ambaye huorodhesha kozi moja moja na kusema inalingana na krediti ngapi. Tathmini ikionyesha kiwango cha shahada na krediti 30 za biolojia na kemia, mtu huyo hahitaji stashahada mpya. Anahitaji mwaka wa kazi unaokubalika, na mlango wa HTL uko wazi kwake. Ikipungua, kwa mfano kemia haitoshi, kozi moja au mbili za chuo cha jamii zinaweza kuziba pengo. Tathmini ifanyike kabla ya kulipia programu yoyote, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha ni njia ipi kati ya zile mbili iliyo fupi.

Kwa yule ambaye tayari ni msaidizi wa maabara, hatua ya kwanza ni kuzungumza na mkuu wa histolojia mahali hapo hapo. Amuulize kama maabara itampa meza, saa ngapi kwa wiki, na nani atakuwa msimamizi wake kwa jina. Akipata majibu hayo, ndipo aandikie chuo na kuuliza mambo matatu: ithibati ya NAACLS ni ya programu hiyo hiyo ya masafa au ya programu nyingine ya chuo, maabara yake inakubalika kwa vitendo, na slaidi zake zitakaguliwa na nani.

Na aanze daftari siku ya kwanza, hata kabla chuo hakijamtaka. Kila siku ya mezani iandikwe tarehe, aina ya tishu, idadi ya bloku, rangi iliyotumika, kasoro iliyotokea na ilivyorekebishwa, na sahihi ya aliyekagua siku ile ile. Msimamizi anayetakiwa kujaza fomu ya mwaka mzima kwa kumbukumbu ya kichwa ataandika kwa kukisia. Akiwekewa daftari mbele yake, ataandika alichokiona.